Mnaoandika "nipo" kwenye makundi ya kupanda mlima kisha mnaingia mitini, huu uzi ni wenu

Wakuu, nimekaa na hili jambo wiki tatu nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Mimi ni dada wa Morogoro, mgeni kabisa kwenye mambo ya milima. Nilianza mwaka jana kwa kutembea hadi Morningside, kwenye milima yetu ya Uluguru, kila Jumamosi, baadaye nikafika kilele cha Lupanga hapo hapo Uluguru, zaidi ya mita 2,100. Nilirudi magoti yanatetemeka, lakini nina furaha ambayo sijawahi kuipata mahali pengine. Ndipo nikaanza kuitaka Meru, ule mlima wa Arusha. Waliopanda Meru na Kilimanjaro waliniambia nianzie Meru, mita 4,566, nijue kwanza mwili wangu unapokeaje hewa nyembamba.

Sasa, Meru huendi peke yako. Kuna nyati na tembo kule chini, kwa hiyo mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kilimanjaro nako ni lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni. Sheria hizo sizilalamikii, nazikubali. Ila mwongozaji, mpishi na gari la kukupeleka geti la Momella bei yake haipungui kwa kuwa mko wachache. Mkiwa nane mnagawana kwa nane, mkiwa watatu mzigo wote ni wenu. Ndiyo maana mtu mwenye mshahara wa kawaida anatafuta wenzake. Siyo kwamba tunapenda kelele za kundi.

Nikaingia kundi la WhatsApp. Tulikuwa tisa, mimi na wanane wengine walioandika "nipo". Wanane! Na vidole gumba juu, na "Meru lazima", na picha za buti mpya. Kianzio kilikuwa laki moja na nusu, tukakubaliana tarehe. Tarehe ilipofika tulikuwa tumetuma wanne. Wengine wakawa "natuma kesho" hadi wiki ya safari. Mmoja ana dharura, mwingine likizo imeahirishwa, watatu wanasoma ujumbe, tiki zinageuka bluu, kimya. Siku mbili kabla ya kuondoka, mmoja wa waliolipa naye akajitoa na akataka arudishiwe pesa yake. Sisi watatu tuliobaki tukaongeza laki mbili kila mmoja. Hiyo laki mbili ilikuwa ya ada ya mdogo wangu, nikaenda kukopa kuirudisha, na bado ninailipa.

Lakini pesa siyo kilichonifanya niandike.

Kwa sababu bajeti ilikatika, tulimwondoa mwongozaji msaidizi. Naomba mlioingia mitini mwelewe hapo. Mliposema "nipo" mipango ilikuwa ya waongozaji wawili. Mlivyopotea, akabaki mmoja.

Siku ya kwanza hadi kibanda cha Miriakamba nilikuwa vizuri. Siku ya pili tukapanda hadi kibanda cha Saddle, kutoka mita kama 2,500 hadi 3,570. Ngazi zile zilinimaliza. Jioni kichwa kikaanza kugonga, chakula hakipiti, nikatapika mara mbili. Wenzangu wawili walikuwa wazoefu, wameshafika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro. Mmoja akaniambia, "Jikaze, ukiliendekeza utatuharibia safari." Nikanyamaza. Saa nane usiku tukaondoka kwenda kileleni na mimi nikiwemo, kwa aibu tu ya kuonekana mzigo.

Tulipofika Rhino Point, juu ya Saddle njiani kwenda kileleni, nilikuwa napepesuka. Sikujua kama napepesuka! Nilijiona nimechoka tu. Mwongozaji ndiye aliyenimulika tochi usoni, akaniambia nitembee hatua tano, kisigino kiguse kidole, kama anayetembea juu ya kamba. Nikashindwa hatua ya pili. Akasema, "Dada, tunashuka sasa hivi." Wale wawili wakaanza kubishana naye, kwamba wamelipa, kwamba kilele hakiko mbali, kwamba nikae pale kwenye jiwe wakirudi wanichukue. Nikae kwenye jiwe, gizani, kwenye upepo ule, nikiwa siwezi kutembea hatua mbili!

Yule kaka alikataa kabisa. Mwisho wao wakaendelea na askari, yeye akanishusha hadi Saddle na kulipokucha hadi Miriakamba. Nilipofika chini kichwa kilipungua chenyewe, kama wanavyosema siku zote, dawa ya kwanza ya mwinuko ni kushuka. Wale wawili walipotufikia walisema "pole" na kuanza kutafuta mtandao wa kurusha picha.

Jamani, ugonjwa wa mwinuko ukifika kwenye ubongo, mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Anajibu ovyo, anayumba kama mlevi, na anakwambia yuko sawa. Ugonjwa ukiingia kwenye mapafu, anakohoa na kuhema hata akiwa amekaa, na anaweza kufa usiku huo huo. Haijalishi una mazoezi kiasi gani, na vijana wenye nguvu unawapata vilevile kwa sababu wanakimbilia juu. Ndiyo maana mwenza wa mlima ni jambo zito. Yeye ndiye macho yako pale akili yako inapokudanganya. Aliyeandika "nipo" na aliyesema "kaa kwenye jiwe" wote wawili wamefanya kosa moja, walihesabu nafasi na gharama wakasahau kuna mtu.

Na nyie mnaojiita wazoefu mnaouliza "una uzoefu gani?" kila mgeni anapoomba kuungana nanyi: uzoefu ataupata wapi kama hakuna anayemchukua? Nilishaomba makundi matatu kabla ya hili. Moja walitaka picha yangu nikiwa Uhuru. Ningekuwa nimefika Uhuru ningekuja kwenu kuomba kufundishwa?

Dada zangu nao wanajua kingine, na nitakitaja kwa sababu hakitajwi. Kaka mmoja alikubali kunichukua Kilimanjaro kwa njia ya Machame, ambako mnalala kwenye mahema. Saa tano usiku akaniandikia kwamba tutalala hema moja "kupunguza gharama". Nilipokataa, nafasi ikawa imejaa ghafla. Siku ya pili tangazo la nafasi hiyo hiyo likarushwa tena kundini. Naomba viongozi wa makundi mlitazame hili, maana mnaliona na mnanyamaza.

Mimi Meru narudi, kabla mvua hazijaanza. Safari hii sihesabu "nipo" ya mtu yeyote. Anayetaka twende, kwanza tupande Lupanga pamoja mara mbili, nione anatembeaje na mtu wa nyuma, na yeye anione mimi. Kianzio kikifika tarehe bila kulipwa, jina linatoka, tunapanga bei upya kwa waliobaki, na mwongozaji msaidizi haondolewi hata tukiwa wawili. Na tukubaliane mapema, mbele ya mwongozaji, kwamba mmoja wetu akiambiwa ashuke hakuna atakayebishana.

Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa naanza kupanda njia ya Morningside. Nitasubiri dakika ishirini.