Jedwali la pointi 100 za Wilt Chamberlain (1962): tulisomeje?

LangoniKikapu, Lamu

Assalam alaikum wadau. Tunataka kubandika ubaoni hapa Langoni jedwali la takwimu za mechi ya mpira wa kikapu ya NBA (ligi kuu ya Marekani) kati ya Philadelphia Warriors, timu ya Wilt, na New York Knicks ya tarehe 2 Machi 1962, ili mabishano ya barazani yawe na karatasi mbele yake. Mstari wa Wilt tulio nao ni huu: dakika 48, mitupo 36/63 (iliyoingia/iliyojaribiwa), mitupo huru (ya baada ya faulo, pointi 1 kila mmoja) 28/32, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 25, asisti (pasi za kufungisha) 2, pointi 100.

Bloku zake (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) ziko wapi? Tutajuaje kama nakala yetu ina makosa? Na ni halali kuuweka mstari huu kando ya ule wa Kobe Bryant wa pointi 81 mwaka 2006?

Mizani_MLD, Malindi

Waalaikum salaam. Naanza na la nakala, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa. Usiandike kwa wino kabla hujajumlisha.

NBA ilileta mstari wa pointi tatu (kikapu cha kutoka nyuma yake ni pointi 3) msimu wa 1979–80, kwa hiyo mwaka 1962 kila kikapu cha mchezoni ni pointi 2 tu. 36 × 2 = 72, ongeza 28, unapata 100. Fanya vivyo hivyo kwa timu nzima. Warriors walitia 63/115 na mitupo huru 43/52: 126 + 43 = 169. Knicks 57/118 na 33/41: 114 + 33 = 147. Mchezaji mmoja akikosewa tarakimu, jumla ya timu itakataa na utajua pa kutafuta.

Jumlisha na dakika: kila timu lazima ifike 240, yaani watu 5 mara 48. Ikizidi, kulikuwa na muda wa nyongeza, na kila kipindi cha dakika 5 huongeza 25. Ndiyo maana wastani wa Wilt msimu ule ni dakika 48.5 kwa mechi na si kosa la chapa.

Tahadhari moja: magazeti ya zamani mara nyingi yalichapa vikapu vilivyoingia, mitupo huru na pointi tu, bila mitupo iliyojaribiwa. Ukinakili kutoka humo, ile 63 hutaiona, na asilimia usiibuni.

Robo_ya_Nne, Malindi

Bloku na mipira iliyoporwa zilianza kuandikwa rasmi na NBA msimu wa 1973–74. Ribaundi za kushambulia na za kulinda nazo zilitenganishwa msimu huohuo, kwa hiyo 25 zibaki 25. Mipira iliyopotezwa na mchezaji mmoja mmoja ilingoja hadi 1977–78. Kwenye safu hizo weka kistari, usiweke sifuri. Sifuri maana yake palihesabiwa pakakosekana kitu, na kwa mtu mrefu kama Wilt huo ni uongo mtupu.

Shaha_wa_Mkomani, Lamu

Mimi naona mubandike na hesabu ya kasi. Timu za siku hizi hutupa mara 89 hivi kwa mechi, Warriors walitupa 115. Basi 100 × 89 ÷ 115 ni kama 77. Kobe anashinda, tukalale.

Mizani_MLD, Malindi

Shaha, hapo umevuta kamba ukaacha nanga chini. Kasi hupimwa kwa idadi ya mara timu ilivyoushika mpira, na kuipata unahitaji ribaundi za kushambulia na mipira iliyopotezwa. Zote mbili hazimo kwenye jedwali la 1962. Mitupo peke yake haitoshi.

Kinachowezekana ni ufanisi: pointi, gawanya kwa 2 × (mitupo + 0.44 × mitupo huru). Wilt: 63 + 14.08 = 77.08, mara mbili 154.16, ufanisi asilimia 64.9. Kobe alitupa 46 na mitupo huru 20: 54.8, mara mbili 109.6, ufanisi asilimia 73.9. Ila hiyo 0.44 imekadiriwa kwa kanuni za faulo za zama hizi, na za 1962 zilikuwa nyingine. Andika "takriban". Na kwa Kobe, vikapu vyake 28 vina 7 vya pointi tatu, hivyo hesabu ni 42 + 21 + 18. Ukimzidishia 2 kote utapata 74 na utazomewa.

Robo_ya_Nne, Malindi

Kuna sababu nyingine ya kutoiamini ile 115 kama kipimo cha kasi. Robo kwa robo, Wilt alifunga 23, 18, 28 na 31. Robo ya mwisho peke yake alitupa 21 akatia 12, na mitupo huru 7/10. Kabla ya hapo alikuwa amekosa mtupo huru mmoja tu katika 22, yeye ambaye msimu mzima alitia asilimia 61.3!

Sasa tazama mstari wa Guy Rodgers, mwenzake Wilt: mitupo 1/4, mitupo huru 9/12, asisti 20. Mtu aliyetupa mara nne tu alipataje mitupo huru kumi na miwili? Knicks walikuwa wakiwafaulu wenzake Wilt makusudi ili mpira usimfikie, na Warriors nao wakawafaulu Knicks ili waurudishe haraka. Mechi ilikwisha kupinda. Kwa hiyo msibandike mstari wa Wilt pekee, bandikeni timu zote mbili. Richie Guerin wa Knicks alifunga 39, akasahauliwa na dunia. Al Attles wa Warriors naye hakukosa hata mara moja: 8/8 na 1/1.

LangoniKikapu, Lamu

Ahsanteni. Tumejumlisha Warriors: Attles 17, Meschery 16, Arizin 16, Rodgers 11, Larese 9. Ni 69, na Wilt 169. Knicks wetu wanatoka 146, kwa hiyo kuna mtu tumemdhulumu pointi.

Robo_ya_Nne, Malindi

Angalia Darrall Imhoff wa Knicks, pointi zake ni 7 na si 6. Sita ni faulo zake, zilizomtoa baada ya dakika 20. Na juu ya karatasi andikeni Hershey, Pennsylvania. Warriors walikuwa wenyeji, lakini hawakucheza Philadelphia.