TREM2 ichochewe au iachwe? Mi nasema tatizo ni muda

Wadau, tangu Novemba 2024 naona watu wanasema habari ya TREM2, kipokezi kilicho kwenye seli za kinga za ubongo, imeisha, kisa ile dawa ya AL002 ya kampuni ya Alector, antibodi ya kukichochea hicho kipokezi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 381 wenye Alzheimer ya mwanzoni na haikupunguza kasi ya ugonjwa. Mi sikubali tuishie hapo.

Kuna ugonjwa unaitwa Nasu-Hakola, uliojulikana kwanza Japani na Finland. Mtu akirithi jeni ya TREM2 mbovu kwa baba na kwa mama mifupa inamvunjika ovyo halafu akiwa na miaka thelathini na kitu, arobaini, akili inaanza kumtoka. Sasa kitu ambacho kikikosekana mtu anapoteza akili kabla ya uzee utasemaje hakina kazi? Na wenye badiliko dogo tu la R47H kwenye jeni hiyohiyo hatari yao ya Alzheimer inapanda kama mara tatu, hilo lilishaonekana toka 2012.

Kipokezi chenyewe kiko kwenye maikroglia, seli za kinga za ubongo, ndicho kinachozifanya ziukusanyikie uchafu wa amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa Alzheimer, na kuubana usitawanyike. Kikiwa kibovu haziendi, neva za jirani zinaumia.

Hoja yenu nzito wapinzani ni panya wa tau, yaani panya wa maabara wanaojazwa protini nyingine ya Alzheimer inayoharibu neva, naikubali. 2017 watafiti wa St. Louis walikiondoa kabisa kipokezi hicho na ubongo ukasinyaa kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wa panya waliobaki nacho. Lakini mwaka uliofuata watafiti wengine wakakipunguza nusu na tau ikazidi! Kwangu hiyo inaonyesha kipokezi hikihiki kinasaidia hatua moja na kuumiza hatua nyingine, na mgonjwa anayeitwa wa mwanzoni amiloidi inakuwa imeshamjaa miaka kumi na zaidi kabla hajasahau chochote, yaani AL002 ilifika tau ishaanza kuenea.

Kwa hiyo ijaribiwe mapema, kwa wenye amiloidi ambao bado hawana dalili. Najua AL002 ilivimbisha ubongo wa baadhi ya watu na wengine damu ikavuja, hasa wenye nakala mbili za APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, hao wasiguswe kabisa. Ila mnaotaka mlango ufungwe, niambieni, familia zenye R47H mnazipa nini badala yake?