Mchoraji na mtoto mdogo: nikakae Ngarenaro au nitafute mtaa uliotulia?

BintiRangi:
Habari za jioni wakuu. Nachora Tingatinga, kwa sasa niko Singida. Picha nazituma kwa basi kwa mtu mwenye kibanda soko la Wamasai pale Fire, Arusha. Yeye ndiye anapanga bei, na mimi sijui hata wateja wanasemaje. Nimeamua kuja mwenyewe. Ndugu zangu wanataka nikae Njiro au Moshono kwenye utulivu, lakini moyo wangu uko Ngarenaro kwa ajili ya wasanii. Dalali ana chumba na sebule, choo cha kushirikiana, kodi ya miezi sita. Nina mtoto wa miaka minne na kazi nafanyia nyumbani. Anayeishi huko aniambie ukweli.

FundiMabango:
Karibu sana dada. Mimi naandika mabango na kuchora kuta, na watoto wangu wote wamezaliwa Ngarenaro.

Usije ukitafuta majumba ya maonyesho, hayapo. Sanaa ya huku iko uani. Unapita uchochoro, unakuta chumba kimebandikwa magodoro ukutani, hiyo ndiyo studio ya kurekodia muziki, na mlango wa pili ni fundi cherehani. X Plastaz, lile kundi la hip hop, walianzia mtaa huu miaka ya 1990 wakafika mpaka majukwaa ya Ulaya, na machalii wa hapa wanalijua hilo. Ndiyo maana ukisema wewe ni mchoraji hakuna anayekuuliza kazi yako halisi ni ipi. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kodi nafuu. Kazi yangu kubwa kuliko zote niliipata kwa jirani anayechomelea vyuma: alikuwa anafunga geti kwenye lodge moja, akasikia wanatafuta mtu wa kuchora ukuta wa mapokezi, akanipigia simu hapo hapo. Ningekuwa nakaa ndani ya geti Njiro, nani angenikumbuka?

Kelele zipo, na ni nyingi. Nenda ukakione hicho chumba Jumamosi usiku, usikubali dalali akupeleke Jumanne asubuhi. Na umeme wa LUKU uulize: mita ni yako au mnachangia? Penye studio uani na mita moja, ugomvi wa umeme hauishi.

Halafu rangi zako. Kama unatumia za mafuta, harufu yake na ya thina wapangaji wenzako wataisikia, na mtoto atalala humo humo. Mwambie mwenye nyumba kabla hujalipa, akuonyeshe sehemu ya ua utakayofanyia kazi, na pawe panapata jua. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku si ya mchezo, picha inakaa siku kadhaa bado inanata.

Jambo la mwisho, panga miezi yako ya kodi. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapungua sana. Kodi isikuangukie hapo.

MamaKijengeJuu:
Mdogo wangu, mwenzangu amesema vizuri, ila amesema kama mwanaume. Wewe una mtoto. Njoo uangalie na Kijenge. Wasanii wapo, kundi la hip hop la Watengwa ni la huku, na bado unaweza kupata nyumba yenye wapangaji wachache. Choo cha kushirikiana na mtoto wa miaka minne, mimi nimekiishi, kinachosha.

Na popote utakapokaa Arusha, ulizia maji. Maji mengi ya upande wetu yana floridi kutoka kwenye miamba ya Meru, ndiyo inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuitoi. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati safi, uyachemshe, ndiyo awe anakunywa mtoto.

Kibanda_Fire:
Dada, kuhusu soko: usiache kumpelekea picha mwenye kibanda wako siku ya kwanza tu ukifika. Kwanza kaa naye wiki nzima kibandani, usikilize wageni wanashika nini na wanarudisha nini. Picha inayokunjika ikaingia kwenye begi la ndege inatoka haraka kuliko ya fremu. Hayo kwenye simu huwezi kuambiwa.

BintiRangi:
Asanteni mno. Kaka FundiMabango, kama chumba cha dalali hakina ua, kuna mahali ninaweza kuchorea mchana tu, nikalala kwingine? Naona Mama amenigusa kwenye suala la choo.

FundiMabango:
Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Lala Kijenge, fanyia kazi huku. Mafundi wengi wa uani wanakubali mtu achangie kodi ya banda. Ukija niandikie hapa, nitakupeleka kwa watatu ninaowaamini, wawili ni wanawake. Njoo na picha mbili wazione.

MamaKijengeJuu:
Mtoto akifika kabla hujapata mahali, wangu yuko nyumbani mchana na msichana wa kazi. Watacheza.