Naomba ushauri: nimeulizwa kwa nini naandika, tangu hapo kalamu imegoma

Penseli Tupu (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, matusi pembeni.

Mimi naandika hadithi. Naamka alfajiri kabla nyumba haijaamka, naandika kwa penseli kwenye daftari la mistari. Kompyuta ni ya kuchapa tu rasimu ikishakamilika, maana kwenye kioo hata sentensi mbovu hupendeza, nami nadanganyika. Napenda sentensi fupi. Sipendi hadithi inayomwelekeza msomaji pa kulia.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ndugu yangu mmoja aliponiuliza, "Hivi wewe unaandika ili iweje?" Nikakosa jibu. Tangu hapo naamka saa ileile, nachonga penseli, nakaa, hakitoki kitu. Je, ni lazima mwandishi awe na sababu? Mliowahi kukaukiwa mlifanyaje? Nawasilisha.

Siti ya Mbele
Nimewahi nafasi. Mwenye kichongeo aje nacho, uzi utakuwa mrefu huu.

Mzee wa Rasimu
Kijana, unadekeza kalamu. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya, alikuwa mtumishi wa posta Uingereza. Saa 11 na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake mbele yake, anajidai maneno 250 kila robo saa, kisha anakwenda kazini. Mimi nami nilikuwa na mikogo ya madaftari, nikahamia kwenye simu, sasa naandika hata kwenye foleni. Tupa penseli.

Binti Mizani
Mzee, kaulizia sababu, hajaulizia vifaa. Mwandishi Mwingereza George Orwell mwaka 1946 alitaja sababu nne za kuandika: kutaka kuonekana, kupenda uzuri wa maneno, kutaka mambo yahifadhiwe yalivyotokea, na kutaka kuisukuma jamii upande fulani. Mimi niko kwenye ile ya pili. Nilianza mashairi baada ya kuachwa, nikidhani namwandikia yeye. Baadaye nikajikuta nahangaikia vina kuliko nilivyomhangaikia yule bwana. Hapo ndipo nilipopona.

Siti ya Mbele
Binti, tuwekee hata ubeti mmoja.

Mhariri Mstaafu
Mleta mada, nimefanya kazi na waandishi miaka mingi. Swali hilo wanaulizwa kila siku na hakuna anayekauka. Huyo ndugu ni nani, na alikuwa ameshika nini alipokuuliza?

Penseli Tupu
Mkuu, sikutaka kufika huko. Ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyetulea. Alikuwa ameshika daftari langu.

Kuna sura ambamo mwanamke anapiga pasi sare za shule za wadogo zake, jicho moja limevimba. Anawaambia amejigonga mlangoni, na huku anarudia kola ileile mpaka inaanza kunukia kuungua. Mwanamke huyo ni yeye. Aliyempiga sitamtaja hapa.

Lakini jina nimebadilisha, kazi nimebadilisha, hata umri. Hakuna atakayemtambua. Na ile sare niliivaa mimi, kwa hiyo hadithi ni yangu pia.

Mhariri Mstaafu
Na muswada uko wapi sasa hivi?

Penseli Tupu
Uko kwa mchapishaji. Alipolikuta daftari ulikuwa umeshaondoka. Ila sijasaini chochote.

Mama Stara
Kumbe! Mwanangu, aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasimulii. Huyo dada amekufichia njaa na machozi, wewe unamwanika. Rudisha huo muswada leo.

Msoma Usiku
Mama, na mficha uchi hazai. Tukifuata hivyo nusu ya maktaba itabaki tupu. Tatizo ni kwamba kubadilisha jina hakusaidii kitu. Thomas Wolfe wa Marekani alibadilisha majina, riwaya ikatoka 1929, watu wa mji wake wa Asheville wakajitambua mmoja mmoja. Hakukanyaga kwao mpaka 1937. Truman Capote, Mmarekani mwenzake, naye alitoa sura ya kitabu chake kwenye jarida mwaka 1975, marafiki zake wa kitajiri wakamkata, na kitabu chenyewe hakukimaliza mpaka anakufa 1984. Wote walikuwa waandishi hodari. Uhodari haukuwakinga.

Jicho Kali
Ngojeni kwanza. Hii ni chai. Mwanzo ni "ndugu mmoja", akibanwa ni dada, akibanwa tena muswada umeshatumwa. Mtu anafichua kidogokidogo namna hiyo akiwa anatunga. Eti kola inanukia kuungua! Aliyekaukiwa haandiki hivyo. Jamaa anatujaribishia sura yake hapa, nanyi mnamhudumia bure.

Siti ya Mbele
Kama ni chai, basi imekolea.

Binti Mizani
Mmh, hata mimi nimeanza kusita. Mleta mada, jibu.

Penseli Tupu
Jicho Kali, dada alipojaribu kusema wakati ule, watu wazima walimwambia hivyohivyo, kwamba anatunga. Akanyamaza, akarudi kwenye pasi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale sakafuni, nilikuwa najua, na hakuna aliyeniuliza. Naandika ili siku moja niulizwe. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa, na ndiyo kwanza nalipata sasa hivi nikikujibu wewe.

Jicho Kali
Sina la kuongeza. Endelea mkuu.

Mhariri Mstaafu
Sasa tunaongea. Mwandikie mchapishaji leo aisimamishe kazi. Kabla ya mkataba hilo ni barua fupi tu. Halafu mpelekee dada sura nzima, aisome mwenyewe, maana daftari aliliokota na hujui aliishia ukurasa gani. Usiende kumwomba ruhusa huku jibu unalo. Akisema hapana, ujue sura hiyo inasubiri.

Penseli Tupu
Na akisema hapana milele?

Mama Stara
Utaandika nyingine, mwanangu. Dada huna mwingine.

Penseli Tupu
Mchapishaji nimeshamwandikia. Dada hapokei simu, ila ujumbe wangu ameuona. Amejibu neno moja: "Lini?"

Siti ya Mbele
Mrejesho usisahau. Hapa sibanduki.