Nataka kuwapeleka watoto shamba mwezi wa 12 wakafanye kazi za zamani kwa mikono, wapi kuna ukweli na siyo maigizo?

BabaWatatu_Tabata
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina watoto watatu, wa kike 13, wa kati 9 na kidume wa mwisho 6, wote Dar wamezaliwa na Dar wamekulia. Juzi tuko mezani yule wa 9 ananiuliza baba hivi dona nalo linatoka kwenye mahindi haya haya ya kuchoma? Nilicheka ila usingizi ulikuja kwa shida, maana mimi umri wake nilikuwa Handeni kwa bibi najua kupukuchua, kupepeta na kukimbia na ndoo ya maziwa bila kumwaga. Bibi hayupo na lile shamba wajomba waligawana wakauza.

Sasa likizo ya mwezi wa 12 nataka kuwapeleka shamba lenyewe, wenye shamba wanaishi pale na wanalitegemea, watoto wakae hata siku mbili tatu wafanye kazi ya msimu ilivyokuwa inafanywa zamani. Mwaka jana nilienda sehemu moja, jina naliacha, tukalipa kiingilio, mama mmoja kavishwa kaniki akatwanga mara tatu nne watu wakapiga makofi. Mimi kwa umbea wangu nikachungulia kinu. Kitupu! Hata punje. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama tumeshaenda, pazuri sana kwa kuona nyumba za makabila, ila yale ni makumbusho, mimi natafuta jasho. Mwenye uzoefu anisaidie, na gharama pia kama inawezekana.

Mzee wa Hoja
Yaani tumefika hapa, mtu analipa hela mtoto wake akapepete. Sisi tulikuwa tunachapwa ili tupepete. Nipe mimi hiyo hela nina nusu eka Kibaha imejaa majani, waje walime hata kesho, chakula juu yangu.

Mangi Mdogo
@Mzee wa Hoja hahahaha nusu eka yako tunaijua hiyo, ni kiwanja umeshindwa kujenga.

Mtoa mada, njoo Moshi. Ila kwanza kabisa kata tiketi mapema, mwezi wa 12 Wachaga wote wanapanda mlimani na wewe utakuwa unagombania siti na watu wenye mbuzi wa Krismasi kichwani, usije ukasema hukuambiwa.

Kazi ya msimu ni kahawa. Huku kuchuma kunaanza maeneo ya chini kama mwezi wa 7 halafu kunapanda taratibu, kwahiyo Disemba ukienda vijiji vya juu karibu na msitu, Uru, Kibosho, Marangu juu, bado utakuta mbivu kwenye miti. Materuni ndo wamezoea wageni zaidi, wana maporomoko ya maji pale na kuna familia zinafanya shughuli nzima ya kahawa, mnatwanga mnaimba mnakaanga mnakunywa. Ni nzuri na watu wanafurahi. Ila kwa vile umeshasema habari ya kinu kitupu ngoja nikwambie ukweli kama mtoto wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga.

Kahawa unayochuma leo hunywi leo. Haiwezekani. Unachuma zile nyekundu tu, unazimwaga kwenye maji zinazoelea unatoa, unamenya kwa ile mashine ya kuzungusha na mkono, halafu unavundika kwenye maji siku moja mpaka mbili ule utelezi uachie, unaosha, unaanika juu ya meza ya wavu kama wiki mbili hivi kutegemea na jua, na mvua za vuli zikikorofisha ndo kabisa. Unakuwa unageuza geuza na mvua ikipiga unafunika mbio mbio. Baada ya hapo ndo kinu, unatoa kile kiganda cha njano, unapepeta, unakaanga kwenye chungu. Kwahiyo mgeni wa siku moja anachuma hizi, anamenya hizi, halafu analetewa zingine zilizokauka mwezi uliopita ndo anatwanga na kunywa. Siyo utapeli, ndo mmea ulivyo. Ila mwambie mtoto mapema, kwa sababu wenye akili wanagundua.

Na wakae, wasipite. Kihamba siyo kahawa peke yake, kuna migomba juu yake, kuna ng'ombe wa ndani anakula majani ya migomba na mbolea yake inarudi kwenye migomba, kuna mfereji una zamu ya maji. Mtoto akiamshwa asubuhi akakate majani ya ng'ombe halafu mchana akala mtori atakuwa ameelewa kitu. Shimbwe Juu kule Uru mpaka FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliitambua kama urithi wa kilimo mwaka 2011 kwa ajili ya kilimo hiki hiki ambacho bibi zetu walikuwa wanakifanya bila cheti.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, usiwape wanao, ila waonyeshe inavyopikwa, ndizi mbivu zinachemshwa zinalala siku kadhaa, kuna ulezi, kuna gome la msesewe la kutia uchungu. Wewe mwenyewe onja kwa kiasi, unaendesha familia.

Mpemba Halisi
Assalaam alaykum. Mie nataka kuongeza upande wetu. Kama ungekuwa na subra ukaja wakati wa karafuu khasa, skwambii! Msimu hutegemea mvua, waweza kuanza mwezi wa saba ukaenda mpaka karibu na wa kwanza, mwaka mwengine neema mwengine hamna kitu.

Kupanda mkarafuu usimpe mtoto wa mjini, matawi yake yavunjika bila ya kuaga, kazi hiyo ina wenyewe. Ila kuchambua ndio kazi ya nyumba nzima. Jioni magunia yashushwa ukumbini, mkeka watandikwa, bibi, mama, watoto, jirani aliyekuja kuomba chumvi, wote wakaa chini kuchambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, huku. Wachukua kishada wakifinya kwenye kiganja hivi wazungusha, zaanguka zenyewe. Siku ya kwanza vidole vyauma na harufu haitoki hata ukoge mara tatu. Hadithi zote nnazozijua mie nlizisikia kwenye mkeka ule, hakuna aliyeniita akasema njoo nikuhadithie. Asubuhi zaanikwa, siku tatu nne zageuka rangi, na ukichuma kilo tatu mbichi utapata kama kilo moja kavu. Makonyo pia hayatupwi, hutolewa mafuta.

Ziara za viungo za Unguja ni nzuri, mtoto atanusa mdalasini na kuvishwa kofia ya makuti, lakini ni saa mbili tatu basi.

MwalimuMstaafu_BK
Mimi niwaambie kitu kimoja mmekisahau kabisa. Mwezi wa 11 na wa 12 Bukoba ni senene, wale panzi wa kuliwa! Mnazungumza kahawa watoto wanataka kukimbia. Siku hizi watu wanawasha mataa makubwa na mabati yameinamishwa juu ya mapipa wanateleza wenyewe, lakini sisi tulikuwa tunaamka alfajiri kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka, nyasi zina umande, unamkamata mmoja mmoja unaweka kwenye kibuyu. Halafu kurudi nyumbani mnakaa jikoni wote kunyonyoa mabawa na miguu, hapo hakuna kula mpaka kazi iishe na kila mtu anakula kwa siri. Wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Siwezi kukuahidi siku maalum, senene hawana ratiba.

Njeri wa Limuru
Huku kwetu Kenya nilipeleka wangu shamba la chai Limuru, chai ilipandwa hapo mara ya kwanza Kenya 1903 so kuna history mob. Wakavalishwa vikapu mgongoni wakafunzwa majani mawili na kile kichipukizi cha katikati. Ilikuwa poa lakini after hapo majani yanabebwa na lori kwenda factory na mtoto anabaki akiuliza sasa chai iko wapi. Kahawa ya huyo jamaa wa Moshi inakaa bora sababu mtoto anaona mwisho yake.

Mama Neema
Naomba niwe mbaya kidogo. Mkifika huko angalieni watoto wa mwenye shamba. Wangu nilipowapeleka mwaka juzi walikuwa wanacheka na mchi wanapigwa picha, na binti wa pale wa umri ule ule alikuwa anateka maji awape wageni wanawe mikono, hakuna aliyempiga picha. Binti yangu ndo aliona akaniuliza, mimi mtu mzima sikuwa nimeona. Kwahiyo ongea na familia mapema kwamba na wanangu watateka hayo maji, wataosha vyombo, na hela umpe mama wa nyumba mkononi siyo yule kijana wa kati anayekuchukua stendi. Pia mashine ya kumenya ina meno, wa miaka 6 amwage kahawa tu asizungushe. Na viatu vya kufunika vidole jamani, siyo ndala, mlimani kunateleza.

BabaWatatu_Tabata
Wakuu mmenifungua macho. Karafuu naiweka kiporo na senene inshallah mwakani. Nimeongea na Mangi Mdogo pembeni, kaniunganisha na familia moja Uru, tunaenda siku nne. @Mzee wa Hoja Kibaha tutakuja kulima ukishajenga.

BabaWatatu_Tabata (mrejesho, Januari)
Wakuu samahani kwa kukaa kimya, nimerudi na mrejesho.

Tulifika tarehe 17 usiku kumechoka kila kitu, baridi ile hawajawahi kuiona, wa mwisho akawa anapuliza moshi mdomoni anasema baba navuta sigara. Asubuhi saa 12 mama mwenye nyumba kawaamsha bila kuniuliza mimi, akawapa panga la kukatia majani yule mkubwa tu, wengine kubeba. Wakalia kidogo. Siku ya pili hawakulia.

Kahawa ilikuwa ya mwisho mwisho, mti mmoja una nyekundu kumi na tano kijani mbili, wanachuma moja moja. Mara tatu yule mama alirudisha mkono wa wa kati, "hiyo bado, iache ilale". Kutwa nzima watoto watatu hawakujaza ndoo ya lita kumi! Nikawaambia kwamba kilo sita za mbivu unaambulia kama kilo moja safi, wakanitazama kama nimewaibia.

Sasa jioni ndo ikatokea ile Mangi aliyonionya na mimi nikasahau kuwaambia. Tumemenya, tumetia kwenye ndoo ya maji, mama kaleta ungo una kahawa kavu tutwange. Kidume wangu kasimama katikati ya uwanja kaweka mikono kiunoni, "hii siyo yetu." Tukamweleza. Hakubali. "Yetu iko kwenye ndoo nimeiona." Nikahisi aibu lakini yule mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akachukua kitambaa chekundu akafunga kwenye pembe moja ya meza ya kuanikia, akamwambia kesho kutwa tukishaosha yako nitaanika hapa, hakuna mtu atagusa, ikikauka nitakutumia. Ndo akakubali kutwanga, na alitwanga kweli, kwenye kukaanga zilipoanza kupasuka pa pa kama bisi alikimbia akajificha nyuma ya dada yake.

@Mama Neema maji waliteka. Binti wa pale na wangu sasa hivi wanatumiana voisi noti, simu yangu imejaa.

Juzi nikapigiwa kutoka stendi kuna mzigo wako umekuja na basi. Kimfuko kama kilo moja hivi, kahawa na kiganda chake cha njano, kimefungwa na kile kitambaa chekundu. Jumapili asubuhi nikaazima kinu kwa mama ntilie wa mtaani, wakaanza kutwanga uani kwa zamu. Mzee wa nyumba ya jirani akatoka na msuli kuja kugomba, Jumapili watu wamelala nyie mnatwanga nini. Akakuta kidume ana mchi mrefu kuliko yeye. Akasimama. Akasema mchi haushikwi hivyo, akampokonya, akatwanga yeye nusu saa nzima. Kikombe cha kwanza kanywa yeye, ilikuwa chungu balaa maana tuliiunguza, na akaomba cha pili.

Mangi Mdogo
Aisee huyo mama hakuniambia habari ya kitambaa. Mlikaangia kwenye nini, sufuria?

BabaWatatu_Tabata
Kikaango cha chapati mkuu. Usimwambie.

Mzee wa Hoja
Kibaha nimeshamwaga mchanga tripu moja. Na kinu ninacho, njoo na hao watoto.

Mpemba Halisi
Mwezi wa nane nakungojeni. Huyo mdogo msimfiche, aje na kitambaa chake, mkeka upo.