Raba laini ya kujogi kila siku, nichukue ipi?

Wakuu habari zenu, nakimbia kilomita tano mdogo mdogo kila asubuhi, hapa Dar, Mwenge mpaka Makongo, lami tupu, sasa raba niliyonayo soli imekua ngumu kama kandambili nikirudi magoti yanalalamika. Nataka yenye sponji la maana. Nina uzito wa kilo 84.

Jibu: Mkuu angalia Brooks Ghost, Asics Nimbus au Hoka Clifton, zote za mbio nyepesi. Hoka soli nene ukiivaa utajiona mrefu ghafla 😂

Jibu: Za mtumba soko la Karume zipo ila kuwa makini, sponji linazeeka hata kama juu inang'aa. Ibonyeze soli pembeni na kidole gumba, ikiwa ngumu au ina mikunjo mingi achana nayo, pia iweke mezani uone kama imelalia upande mmoja. Mi nilipigwa ya elfu 60 hivohivo.

Jibu: Nenda kujaribu jioni, mguu unakua umevimba kidogo, na mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Laini sana nayo inayumba kwenye kifundo, jogi kidogo hapohapo dukani.

Muuliza: Asanteni, jmosi naenda Karume na kidole changu