Miezi minne natafuta mwalimu wa takwimu, nawapata wauza sura ya nne tu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa hasira. Leo naumaliza. Kwa wasiojua, sura ya nne ni ile sura ya matokeo kwenye tasnifu.

Mimi ni nesi hapa Dar, nasoma uzamili wa jioni. Utafiti wangu unahusu wajawazito: kwa nini wengine wanaanza kliniki kabla ya wiki ya 12 na wengine wanakuja tumbo limeshakuwa kubwa. Daftari la kliniki la miezi mitatu lilikuwa na akina mama 612. Ukipiga ile kanuni ya Yamane ya kujua uhoji watu wangapi, ambayo karibu kila mwanafunzi wa utafiti ameshakutana nayo, kwa 612 inakuja 242. Hao 242 nimewahoji mimi mwenyewe, kwenye benchi la kliniki, nikitoka zamu. Kila dodoso nimelipa namba kwa kalamu nyekundu, kona ya juu kulia. Dodoso namba 117 lina doa la uji, maana mama yule alikuwa anamnywesha mwanawe mkubwa huku ananijibu. Nayasema haya muelewe kwamba yale makaratasi kwangu ni watu.

Sasa takwimu zenyewe sizijui, na sioni aibu kusema. Darasani tulifundishwa Jumamosi nne, watu karibu 90 kwenye ukumbi mmoja, mwalimu anapitisha slaidi kama anakimbiza basi la mwisho. Nilipomwendea msimamizi wangu na maswali akaniambia, "Tafuta mtu wa data akusaidie." Nikasema sawa, nitatafuta mwalimu wa tuisheni anifundishe, nitamlipa. Mji huu mtoto wa darasa la tatu anatafutiwa mwalimu asubuhi, jioni ameshapatikana. Nikadhani na mimi nitachukua wiki moja.

Wa kwanza alikuwa na meza nyuma ya duka la kutoa kopi. Nikamweleza nataka kufundishwa. Akanitazama kama nimeongea lugha ngeni. "Dada, usijichoshe. Nitumie data, kesho jioni unakuja kuchukua." Nikakataa, nikamwambia nakulipa kwa saa, unakaa na mimi. Akakubali kwa shingo upande, akadai kwanza 40,000 ya kuniwekea SPSS, programu ya kuchambulia takwimu, kwenye kompyuta yangu. Akaiweka. Siku chache baadaye ikagoma kufunguka, kumbe ilikuwa ya majaribio tu, muda wake umeisha. Na hakuniambia kwamba zipo programu za bure kabisa, kama R, jamovi na PSPP, ambazo mtu unazipakua bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Hilo nimekuja kulijua baadaye kabisa, hela yangu imeshaliwa.

Tulikaa siku mbili. Kufundisha kwake ilikuwa kubofya. Bofya hapa, bofya pale, jedwali linatoka. Kwenye jedwali la umbali wa nyumbani hadi kliniki, thamani ya p, ile namba inayopima kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu, ikatoka 0.000. Nikauliza ni nini hiyo. Akasema, "Maana yake hakuna uwezekano hata kidogo wa kukosea." Wakuu, huo ni uongo. Ile programu inaonyesha tarakimu tatu tu baada ya nukta, kwa hiyo 0.000 maana yake ni namba ndogo kuliko 0.0005, siyo sifuri. Kwenye tasnifu unaandika p ni chini ya 0.001. Mtu anayelipwa kwa kazi hii hajui hilo!

Kwenye jedwali la elimu kukatokea maandishi madogo chini, yanasema visanduku kadhaa vina idadi tarajiwa chini ya 5. Nikauliza. Akasema, "Hiyo achana nayo." Nimekuja kuisoma mwenyewe kwenye kitabu cha maktaba: visanduku vya namna hiyo vikizidi asilimia 20, kipimo cha kai-skwea, kile cha kuangalia kama mambo mawili yanahusiana, hakiaminiki, unaunganisha makundi au unatumia kipimo kingine kinachofaa namba ndogo, kinaitwa cha Fisher. Yaani yale maandishi madogo ndiyo yalikuwa yanapiga kelele kwamba majibu yale yana walakini, na "mwalimu" ananiambia niachane nayo.

Wa pili sitamzungumzia sana. Nilimpata kupitia rafiki wa rafiki, akachukua kianzio cha 150,000, akanipiga danadana wiki tatu, kesho, keshokutwa, nimefiwa, niko safarini. Mwisho akanitumia kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwamba wastani wa hali ya ndoa ni 1.83. Mimi niliweka 1 kwa walioolewa, 2 kwa wasioolewa, 3 kwa walioachika, 4 kwa wajane. Zile ni alama tu, ningeweza kuweka herufi. Nikampigia nikamuuliza, huyo mama wa 1.83 ana mume au hana? Akakata simu, akaingia mitini na kianzio changu mpaka leo.

Halafu nikampata mwalimu. Huyu namwandikia kwa heshima. Kijana mdogo, amemaliza chuo mwaka juzi, hana ajira. Tulikuwa tunakaa kwenye mgahawa Mwenge, tukiagiza chai na kuinywa polepole ili tusifukuzwe. Siku ya kwanza hakufungua kompyuta. Alichukua kalamu akaniuliza nasubiri daladala dakika ngapi. Akaandika: njia moja unasubiri dakika 19, 20, 21. Njia nyingine dakika 5, 20, 35. Wastani wa zote mbili ni 20. "Dada, wewe ukiwa unawahi zamu, njia hizi mbili ni sawa?" Basi, ile habari ya mtawanyiko, yaani namba zinaachana kiasi gani na wastani, iliyonishinda Jumamosi nzima ikaingia kichwani papo hapo. Kwa Kiswahili, bila slaidi hata moja.

Siku ya tatu akaniambia leta madodoso yako yenyewe. Tukahesabu kwa mkono. Akina mama wanaokaa karibu na kliniki ni 130, wanaokaa mbali 112. Walioanza kabla ya wiki 12 ni 88 kwa jumla. Akaniuliza: kama umbali hauna lolote, hao 88 wangegawanyikaje? Unazidisha 130 kwa 88, unagawa kwa 242, unapata 47.3. Hao ndio tungewatarajia kutoka karibu. Sasa hesabu waliokuja kweli. Nikahesabu: 61. Upande wa mbali tulitarajia 40.7, waliokuja ni 27. "Hiyo tofauti kati ya tulichotarajia na tulichokiona ndiyo msingi wa kai-skwea. Hakuna uchawi mwingine." Nilikaa kimya, machozi yananilenga. Miaka yote hii nimeogopa neno lile, na kumbe ni swali ambalo hata mama muuza maandazi anajiuliza kila jioni, kwamba nilitegemea kuuza ngapi na nimeuza ngapi.

Baada ya siku ile ya tatu akaacha kuja. Hakunitapeli, alinipigia mwenyewe akaniomba radhi. Akasema, "Dada, nikikufundisha saa mbili unanipa 30,000. Kuna mtu ananipa 400,000 nimwandikie sura ya nne nzima, naimaliza usiku mmoja. Na mimi nina kodi ya chumba." Nitamlaumu nini? Nimemlaumu sana moyoni kisha nimeacha. Lakini wakuu, oneni hapo palivyo! Mtu pekee mwenye kipaji cha kufundisha niliyekutana naye katika mji mzima amenunuliwa aache kufundisha, na wanaomnunua ni wanafunzi wenzangu, tena baadhi yao watakuja kuwa mabosi wetu kwenye wizara na hospitali, wakisaini ripoti zenye namba wasizoweza kuzisoma.

Wa nne ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu. Huyu nilimkuta kwenye kundi la wanafunzi, anajiita mtaalamu wa data. Nikamwambia nina faili langu, akina mama 242, nataka tukae pamoja nielewe vipimo vilivyobaki. Akasema nitumie kwanza nilipitie, tutakaa Jumamosi. Nikamtumia, huo ni ujinga wangu. Ijumaa usiku akanirudishia faili pamoja na sura ya nne iliyokamilika, kurasa 31, na bili ya 350,000. Sikumwagiza. Nikafungua faili, nikashuka mpaka mstari wa mwisho. Mstari wa 300.

Nilidhani nimekosea. Nikashuka tena. 300.

Nikatoa madodoso yangu kwenye mfuko wa salfeti, nikayapanga sakafuni saa sita usiku, nikayahesabu yote. 242. Kuna wanawake 58 kwenye lile faili ambao sijawahi kuwaona. Wana umri, wana watoto, wana elimu, mmoja ana miaka 19 na watoto wanne, na wote 58 hawapo duniani. Nikampigia. Akajibu bila hata kushtuka: "Nimekuongezea ili itoke vizuri dada. Zile dhana zako tatu zilikuwa hazitoki. Na msimamizi gani anahesabu mistari?"

Nawaomba mlitafakari hilo. Zilikuwa hazitoki, yaani makisio yangu hayakuthibitika! Kama elimu haikuhusiana na kuwahi kliniki kwa wale akina mama niliowahoji, basi hilo nalo ni jibu, na linaandikwa hivyo hivyo lilivyo. Anayepanga elimu ya afya anahitaji kulijua. Mimi nikiandika kwamba elimu ndiyo tatizo, kumbe tatizo ni umbali, kesho mtu atachapisha vipeperushi badala ya kupeleka kliniki ya mkoba kijijini. Na kuna mama atajifungulia njiani kwa sababu ya wanawake 58 waliotungwa na mtu aliyekaa na kompyuta chumbani kwake.

Usiku ule ule nilichukua kalamu, nikamalizia kwa mkono ile hesabu ya umbali aliyonianzishia yule kijana wa Mwenge. Visanduku vinne. Nikapata kai-skwea ya 13.5, na kikomo kwenye jedwali la nyuma ya kitabu, ambacho ukikivuka unasema umbali unahusika, ni 3.84. Data yangu ya kweli, ya akina mama wangu 242, ilikuwa na jambo la kusema tangu mwanzo, haikuhitaji kuongezewa hata mtu mmoja.

Kwa hiyo hasira yangu naigawa. Sehemu kubwa ni ya hawa wapishi wa data wanaojiita walimu. Lakini na vyuo vyetu vijibu. Unampaje mtu Jumamosi nne za takwimu halafu unamdai sura ya nne yenye vipimo? Unamwambiaje "tafuta mtu wa data" bila kumwambia yuko wapi, analipwaje, na mpaka wa kusaidiwa unaishia wapi? Mnajua kabisa mnawapeleka wapi. Kila msimamizi ameshasoma sura za nne zinazofanana kama mapacha, jedwali kwa jedwali, na anasaini. Kingekuwepo hata chumba kimoja cha chuo chenye msaidizi mmoja wa takwimu anayekaa jioni mbili kwa wiki kujibu maswali, nusu ya biashara hii ingekufa.

Ninachotafuta ni hiki. Mtu anayefundisha. Tunakaa, tunatumia data yangu mwenyewe, kalamu naishika mimi na kompyuta nabofya mimi. Nalipa 20,000 kwa saa, jioni mbili kwa wiki, na Jumapili baada ya misa kama una nafasi. Faili sikutumii. Cheti chako sitakiuliza, nitakuonyesha lile jedwali la elimu na nitakuuliza yale maandishi madogo ya chini yanamaanisha nini.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Asanteni mliochangia. Mnaosema niende YouTube, nimeenda. Nimejifunza mengi kule, lakini mifano ni ile ile, magari 32 yaliyoandikwa kwenye jarida moja la Marekani mwaka 1974, na nikikwama sina wa kumuuliza. Mnaosema "lipa tu umalize, kila mtu anafanya hivyo", mimi nitasimama mbele ya jopo na nitaulizwa kwa nini nimetumia kipimo hiki na siyo kile, mtakuja kunijibia?

Tangu saa moja jioni watu saba wameniandikia ujumbe wa faragha. Watano wameanza na maneno "dada nitumie data". Nimewafungia. Wa sita anauza programu. Wa saba yuko Morogoro, nimemtumia picha ya lile jedwali na amejibu vizuri, ameniambia niunganishe wasiosoma kabisa na walioishia njiani shule ya msingi kisha nihesabu upya, na nimwambie nimeona nini. Anafundisha kwa simu ya video. Namuuliza sasa hivi kama mtandao wa kwake unashika vizuri jioni.